Kuchua misuli kwa majeraha ya bega, shingo na mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wachezaji, makocha na wazazi wanaouliza kuhusu maumivu ya kuanzia kifuani kwenda juu: bega la golikipa, kiwiko cha mrusha mkuki, shingo ya mchezaji wa raga, ngumi ya bondia. Tumeanza na maswali ya kila siku na kumalizia na yale ya nadra. Kama umeumia leo na una haraka, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya "Kabla hujaguswa".

## Mambo ya msingi

Masaji ya michezo ina tofauti gani na ile ya saluni?

Mikono ni ileile, lengo ndilo tofauti. Kwenye masaji ya kupumzika unalala, unapakwa mafuta mwili mzima, unasinzia. Kwa mchua misuli kazi huanza kabla hujalala. Atauliza umeumiaje, lini, na unacheza nafasi gani. Atakuambia uinue mikono yote miwili, uipeleke nyuma ya mgongo, ugeuze shingo kushoto na kulia, huku akitazama mwendo unakatikia wapi na uso wako unakunjamana wapi.

Kisha atashughulikia sehemu chache tu, pengine dakika 20 kwenye bega moja, na mwishoni atakurudisha kwenye mwendo uleule aone kama kuna kilichobadilika. Asiyepima kabla na baada anakupaka mafuta tu.

Je, masaji inatibu jeraha au inatuliza maumivu tu?

Mara nyingi inatuliza, na kutuliza si jambo dogo. Kiungo kikiumia, misuli inayokizunguka hukaza ili kukilinda. Ikikaza wiki mbili tatu, huo mkazo wenyewe unakuwa tatizo la pili juu ya lile la kwanza: bega halipandi, shingo haigeuki, usingizi hauji. Kuchua hulegeza mkazo huo. Maumivu yanapungua na mwendo unaongezeka kwa saa kadhaa, pengine siku moja mbili, na ndani ya muda huo unaweza kufanya zoezi ambalo jana lilikushinda. Hapo ndipo faida ilipo. Kano iliyochoka hupata nguvu kwa kubebeshwa uzito kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na hakuna kidole gumba kinachoweza kuifanyia kazi hiyo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu, na utauona ukijirudia humu: ukichuliwa kila wiki bila kupewa zoezi hata moja la kwenda nalo nyumbani, unapoteza fedha zako.

Utafiti nao hauahidi makubwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 29 zenye washiriki 1,012, haukuona kwamba masaji inaongeza nguvu, kasi wala stamina. Ulichoona ni nafuu ndogo kwenye ulaini wa mwili na kwenye maumivu ya misuli yanayokuja baada ya mazoezi makali, yale yanayofika kileleni siku ya pili au ya tatu.

Nasikia masaji hutoa asidi laktiki na sumu mwilini. Ni kweli?

Hapana. Asidi laktiki huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, uchuliwe usichuliwe. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwafanya vijana 11 waendeshe baiskeli mpaka wakaishiwa nguvu, wakawachua paja moja kwa dakika 10 na kuliacha la pili, kisha wakachukua vipande vidogo vya msuli kutoka kote kuwili. Paja lililochuliwa lilionyesha dalili chache za uvimbe, lakini asidi laktiki haikuwa na tofauti. Hizo "sumu" nyingine hakuna anayezitaja kwa jina, na kazi ya kusafisha damu ina wenyewe: ini na figo.

Kunywa maji baada ya kuchuliwa ni vizuri, kama kunywa maji wakati mwingine wowote.

Ni majeraha gani ya sehemu ya juu yanayofaidika zaidi?

Yale ya kuzidisha kazi, yaliyojijenga polepole: bega la muogeleaji au mchezaji wa voliboli, kiwiko kinachouma ukikamua nguo, shingo na mabega yaliyokaza, misuli iliyovutika kidogo na kupita siku zake za mwanzo. Yasiyofaidika ni mfupa uliovunjika, kiungo kilichoteguka na bado hakijarudi, kano iliyokatika kabisa, na neva iliyobanwa kiasi cha mkono kuishiwa nguvu.

## Kabla hujaguswa

Nimeumia leo. Nichuliwe lini?

Si leo, wala kesho. Kwa saa 48 hadi 72 za mwanzo sehemu iliyoumia isisuguliwe. Mishipa midogo ya damu imepasuka na ndiyo kwanza inaziba. Ukiisugua unaifungua upya, na uvimbe ambao ungeisha siku tatu unakaa kumi. Pumzisha mkono, uinue uwapo umekaa, ufunge bandeji isiyobana mno. Vidole vikianza kuwa baridi au kufa ganzi, ilegeze.

Baada ya siku hizo mchua misuli anaweza kuanza pembeni: shingo na mgongo wa juu kama lililoumia ni bega, mkono wa chini kama ni kiwiko. Penyewe hasa atapafikia taratibu, kadiri maumivu ya kugusa yanavyopungua.

Nitumie barafu au nikandwe kwa maji ya moto?

Barafu siku za mwanzo, kwa kutuliza maumivu: dakika 10 hadi 15, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, kamwe isigusane na ngozi tupu. Kifupi cha Kiingereza RICE, kinachotaja kupumzika, barafu, kufunga na kuinua, kilianzishwa na daktari wa Marekani Gabe Mirkin mwaka 1978. Miaka mingi baadaye, mwenyewe akakiri kwamba barafu huenda inachelewesha kupona. Itumie maumivu yakikusumbua, si kwa ratiba.

Maji ya moto na taulo ni kwa msuli uliokaza bila uvimbe mpya. Palipovimba na kuwa pa moto, usipaongezee moto. Mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) asome jibu lake kwenye sehemu ya mwisho kabla ya kushika barafu.

Nitajuaje kwamba jeraha hili si la kuchua?

Nenda hospitali kwanza ukiona lolote kati ya haya:

- Kiungo kimebadilika umbo, au ulisikia "ta!" wakati wa kuumia na sasa huwezi kukinyanyua.
- Maumivu yapo juu ya mfupa penyewe, na ukibonyeza kwa ncha ya kidole unaruka.
- Ganzi au udhaifu unateremka mkononi, au vitu vinakuponyoka.
- Maumivu hayana uhusiano na mwendo, yanakuamsha usiku, na yanakuja na homa au kukonda.
- Bega la kushoto, taya au kifua vinauma ukipanda ngazi na kutulia ukisimama, au vinakuja na jasho na pumzi kukatika. Huo ni moyo mpaka daktari athibitishe vinginevyo.
- Baada ya kugongwa shingoni au kichwani kuna kizunguzungu, kuona mbilimbili, ulimi mzito, au maumivu ya kichwa ambayo hujawahi kuyapata.

Mchua misuli anayejua kazi atakuuliza haya yote na atakuwa tayari kukurudisha bila kukugusa. Mheshimu kwa hilo, hata kama umepanda daladala mbili kumfuata.

Bega limeteguka uwanjani. Kuna mzee mtaani anajua kurudisha. Twende?

Msivute. Bega lililoteguka hupoteza mviringo wake: upande wa nje unakuwa bapa, na chini ya ncha ya bega panabonyea. Mara nyingi sana mfupa huwa umetoka kwa mbele. Papo hapo pamepita neva inayohudumia msuli wa nje wa bega, na wakati mwingine kipande cha mfupa kimemeguka. Ndiyo maana hospitali hupima kwanza kama ngozi ya nje ya bega ina hisia na kama mapigo ya damu yapo kwenye kifundo cha mkono, hupiga eksirei, ndipo hulirudisha kwa dawa ya kutuliza. Wazee wengine wana mikono mizuri, hatukatai, lakini hakuna mkono unaoona ufa wa mfupa.

Kwa sasa mfunge mkono kwenye khanga au shati iliyotundikwa shingoni, jinsi anavyoona afadhali, na mwende.

Kuchua kuna nafasi yake baadaye, bega likisharudi na daktari akiruhusu lianze kutembezwa. Hata hapo haliwi jambo kuu. Bega lililoteguka limelegea kamba zake. Anayelichua na kulivuta ili liwe laini zaidi anakwenda kinyume cha linachohitaji, ambacho ni misuli imara. Kijana wa chini ya miaka 20 aliyeteguka mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuteguka tena, kwa hiyo mazoezi yake si hiari.

Mtoto ameangukia mkono, kiwiko kimevimba. Bibi yake anataka kumkanda.

Tunamwomba bibi, kwa heshima zote, asimkande. Kwa mtoto aliyeangukia kiganja mkono ukiwa umenyooka, kuvunjika kwa mfupa juu kidogo ya kiwiko ni jambo la kawaida, na ukivunjika unaweza kuubana mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele yake. Kukanda kwa nguvu na kufunga vijiti vilivyobana kumeshawaachia watoto mikono iliyokunjamana na vidole visivyofunguka, kwa sababu misuli ilikosa damu kwa saa chache tu.

Kuna hatari ya pili, nayo inawahusu hata watu wazima. Msuli ulio mbele ya kiwiko, ukiumia kisha ukasuguliwa na kunyooshwa kwa nguvu ungali mbichi, unaweza kuota mfupa ndani yake. Si lugha ya picha: mfupa kabisa, unaoonekana kwenye eksirei wiki chache baadaye. Kiwiko kinakataa kukunja na kukunjua, na kila anayekilazimisha anakizidisha. Wachezaji wa raga wanaogongwa juu ya mkono nao hupata hali hii. Pigo la namna hiyo halichuliwi mpaka limetulia kabisa.

## Kiungo kwa kiungo

Bega linauma nikiinua mkono. Naogelea (au nacheza voliboli, au natupa mkuki).

Hili ndilo swali linaloongoza. Bega limepewa uhuru wa kuzunguka kuliko kiungo kingine chochote, na bei yake ni ulegevu: kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kama chungwa juu ya kisahani cha kahawa. Kinachokishikilia zaidi ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukizunguka. Kano zake zikibeba mzigo uliozidi, na hasa mzigo ukipanda ghafla baada ya likizo, zinachoka na kuuma, mara nyingi mkono ukiwa katikati ya kupanda au ukilalia upande huo usiku.

Mezani mchua misuli hasugui pale panapouma tu. Atakulaza kifudifudi mkono ukining'inia pembeni, atatafuta kwa kidole gumba misuli iliyo nyuma ya kombe la bega, na huenda ukasikia maumivu yakiruka mpaka mbele ya bega, palepale unapolalamikia. Akigusa hapo husubiri, hasukumi, mpaka wewe mwenyewe useme pamelegea. Kisha anahamia kifuani chini ya mtulinga, ambako kwa waogeleaji na wanyanyua vyuma msuli mdogo umefupika na kulivuta bega mbele. Mwisho ni pembeni mwa mbavu chini ya kwapa, sehemu inayosahaulika sana na inayouma sana.

Halafu atazame chini ya bega. Mkenya Julius Yego aliporusha mkuki mita 92.72 Beijing mwaka 2015, nguvu ile ilianzia miguuni, ikapanda nyonga na kiwiliwili, bega likaipitisha tu. Mrushaji ambaye nyonga au mgongo wake wa juu umekaza hulidai bega lilipe deni ambalo si lake. Tumeona mabega yakitulia baada ya mgongo wa juu kufunguliwa, bega lenyewe likiwa halijaguswa sana.

Zoezi la kuanzia: funga mpira wa mazoezi au kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, kiwiko kikiwa kimebana mbavuni, uvute kwenda nje taratibu na kurudi taratibu zaidi. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakibaki makali mpaka kesho yake asubuhi, punguza.

Nimeamka shingo haigeuki.

Mara nyingi ni msuli tu umekaza, na huisha wenyewe ndani ya siku chache. Masaji nyepesi ya mabega na chini ya fuvu husaidia, pamoja na joto na kugeuza shingo kidogo kidogo kila saa. Usikubali mtu akushike kidevu na kuizungusha shingo ghafla ili ilie "kwa!". Kwenye shingo inapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na imewahi kuchanika kwa namna hiyo, watu wakapata kiharusi. Ni nadra, lakini hakuna sababu ya kucheza bahati nasibu hiyo kwa tatizo linalopona lenyewe.

Kiwiko kinauma upande wa nje, na sijawahi kucheza tenisi.

Wengi wenye kiwiko hiki hawajawahi kushika raketi. Ni wanyanyua vyuma, mafundi, wapishi. Jaribu kunyanyua sufuria kiganja kikiangalia chini: kama kiwiko kinachoma upande wa nje, karibu umeshajitambua. Kano inayounganisha misuli ya kuinua kifundo imechoka. Upande wa ndani ukiuma hadithi ni ileile, isipokuwa misuli ni ya kukunja kifundo, na warushaji huupata zaidi.

Kuchua misuli ya mkono wa chini kwa urefu wake, kutoka kifundoni kwenda kiwikoni, kunaleta nafuu. Kusugua kano yenyewe kwa kukingama, mbinu iliyoenezwa na daktari James Cyriax wa London, bado kunapendwa na wengi. Ushahidi wake ni dhaifu na maumivu yake si dhaifu. Sisi huitumia kwa dakika chache, na tukiona wiki mbili hazijaleta kitu tunaiacha. Kazi kubwa inafanywa na chupa ya maji ya nusu lita: mkono juu ya meza, kiganja chini, kifundo kikining'inia ukingoni, inua kwa msaada wa mkono wa pili, shusha polepole bila msaada. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja, wachomwe sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) au wasichomwe. Kuhusu sindano, tazama swali la mwisho.

Nilikuwa nanyanyua chuma kifuani nikasikia kitu kimeachia.

Kama kuna michubuko ya zambarau inayoenea mpaka kwapani na juu ya mkono, na ule mkunjo wa mbele ya kwapa umepotea ukilinganisha na upande wa pili, kano ya kifua inaweza kuwa imekatika. Vivyo hivyo msuli wa mbele ya mkono ukijikunja juu kama mpira, na mbele ya kiwiko pakawa patupu. Haya ni ya daktari wa upasuaji, na upasuaji wa wiki za mwanzo hufanikiwa kuliko wa miezi baadaye. Mchua misuli anayekwambia "tutalisaga hilo fundo" anakupotezea muda ambao huna.

Kifundo cha mkono, vidole na ngumi?

Hapa masaji ina kazi ndogo. Ukiangukia kiganja na sasa kile kishimo kilicho chini ya gumba kinauma ukikibonyeza, kuna mfupa mdogo huenda umepata ufa. Eksirei ya kwanza inaweza isiuonyeshe, kwa hiyo hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huo hupata damu kwa shida na ukipuuzwa hauungi. Bondia ambaye fundo la kidole kidogo limezama apigwe picha pia. Kidole cha mchezaji wa kikapu ambacho ncha yake hainyooki tena hakivutwi, kinafungwa kibao.

Maumivu kati ya makombe ya mabega hayaishi. Nachuliwa, yanarudi.

Yatarudi kama kinachoyaleta kipo palepale: saa nane juu ya bodaboda, simu mapajani, au mazoezi ya kifua kila siku bila ya mgongo. Misuli ya katikati imevutwa siku nzima, na kuisugua kunaipa faraja ya jioni moja. Chua kifua badala yake, kisha fanya mazoezi ya kuvuta. Kama yanafuatana na ganzi ya vidole, chanzo kinaweza kuwa shingoni. Rudi kwenye orodha ya hatari hapo juu.

Bega langu limeganda, halipandi wala halizunguki. Linaweza kufunguliwa kwa nguvu?

Bega linaloganda lenyewe huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari kuliko wengine. Utando unaozunguka kiungo unakakamaa, na safari yake ni ya mwaka mmoja mpaka mitatu. Kulilazimisha wakati bado lina maumivu ya usiku kunalichokoza. Kuchua shingo na mabega kunasaidia kulala. Mwendo wenyewe unarudi kwa mazoezi mepesi ya kila siku. Kama hujapimwa sukari, kapime.

## Ukiwa mezani

Iume kiasi gani? Wengine wanasema isipouma haifanyi kazi.

Hilo limewaachia watu michubuko isiyo na maana. Kipimo chetu ni pumzi: ukiweza kuvuta pumzi ndefu na kuongea, shinikizo linatosha, ukishika kingo za meza na kukunja vidole vya miguu, limezidi, na msuli utakaza badala ya kulegea. Uchungu wa siku moja baadaye ni wa kawaida. Ganzi au maumivu ya kama umeme si ya kawaida hata kwa sekunde moja. Sema papo hapo.

Mafuta gani yanafaa? Na dawa ya kuchua?

Mafuta ya nazi yanatosha. Dawa ya kuchua yenye harufu kali na joto huudanganya ubongo kwa kuipa ngozi kitu kingine cha kuhisi. Usiipake penye kidonda, usiifunike kwa chupa ya maji ya moto, na nawa mikono kabla ya kugusa macho. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin awe mwangalifu na zile zenye methili salisileti, kwani zikipakwa kwa wingi zinaongeza nguvu ya dawa hiyo.

Mara ngapi kwa wiki?

Kwa jeraha, mara moja au mbili, kwa wiki tatu mpaka nne, kisha mpime. Bila mabadiliko yoyote kufikia hapo, tatizo si uhaba wa masaji.

Naweza kujichua mwenyewe?

Ndiyo. Chukua mpira wa tenisi, simama ukiegemea ukuta, uweke mpira kati ya ukuta na nyuma ya kombe la bega, uutembeze mpaka upate palipokaza, utulie hapo nusu dakika. Kwa kifua, geuka uso ukutani na uuweke chini ya mtulinga. Mkono wa chini unachuliwa kwa mkono wa pili ukiwa umekaa. Usiweke mpira juu ya uti wa mgongo wala mbele ya shingo.

Na siku ya mechi?

Kabla ya mechi: nyepesi, ya haraka, dakika 5 hadi 10, na haiwi mbadala wa kupasha mwili moto. Kuchua kwa kina siku hiyo kunaweza kumwacha mchezaji na misuli mizito, basi kufanywe siku mbili kabla. Mchezaji ambaye bega lake haliwezi kucheza bila kuchuliwa kila mapumziko hapaswi kuwa uwanjani.

## Mtu wa kumwendea

Nitamjuaje mchua misuli wa kweli?

Timu zetu nyingi zina mchua misuli aliyejifunza kwa mkongwe aliyemtangulia, na baadhi yao ni hodari. Ila kuchunguza jeraha na kulipa jina ni kazi ya daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kenya, Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 iliunda baraza linalowasajili; omba kuona usajili, si kosa la adabu. Tanzania, hospitali kama KCMC Moshi na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) zina vitengo vya fiziotherapia, na hospitali nyingi za mkoa pia.

Mimi ni mwanamke. Lazima nivue?

Hapana. Kwa bega na shingo, blauzi isiyo na mikono inatosha, na kazi nyingi inaweza kufanyika juu ya nguo nyepesi. Una haki ya kuomba mchua misuli wa kike, kuwa na mtu wako chumbani, na kusimamisha wakati wowote bila kutoa sababu. Mchezaji wa chini ya miaka 18 asichuliwe mlango ukiwa umefungwa bila mzazi au mtu mzima mwingine kuwepo. Hili halina mjadala.

## Hali za pekee

Nina selimundu. Nifanye nini tofauti?

Usitumie barafu: baridi inaweza kuamsha maumivu ya ugonjwa. Maumivu ya ghafla ya mkono, bega au kifua bila kuumia si jeraha la michezo, ni ya kwenda hospitali. Kuchuliwa kwa upole kufanywe wakati huna maumivu hayo na ukiwa umekunywa maji ya kutosha, baada ya kuzungumza na daktari wako.

Mkono wote umevimba na kuwa mzito baada ya mazoezi.

Ukivimba mkono mmoja mzima, ukabadilika rangi kuelekea bluu, na mishipa ikatokeza begani na kifuani, inawezekana damu imeganda kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga. Huwapata vijana wenye afya: wanyanyua vyuma, warushaji, waogeleaji. Asiusugue mtu yeyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwenye raga niligongwa, mkono ukawaka kama moto mpaka vidoleni, ukaisha dakika moja. Niendelee?

Ni neva za shingo zimevutwa. Ondoka uwanjani. Kama hisia na nguvu zimerudi kamili na shingo haiumi, daktari wa timu ndiye ataamua. Ikiwaka mikono yote miwili, usitembezwe wala kuchuliwa. Shingo ishikwe isitikisike mpaka gari la wagonjwa lifike.

Hijama (kuumikwa kwa vikombe vinavyovuta ngozi) inasaidia bega?

Muogeleaji wa Marekani Michael Phelps alionekana kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na alama za duara mabegani, na tangu hapo swali halijakoma. Wapo wanaopata nafuu ya muda. Ushahidi kwa majeraha ya michezo ni mdogo. Ile ya kuchanja ngozi inahitaji vifaa vipya vya kila mtu na vilivyotakaswa, kwani virusi vya homa ya ini na VVU hupitia damuni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiifanye.

Nimechomwa sindano ya steroidi begani au kiwikoni. Nichuliwe lini, na ninaruhusiwa kushindana?

Pumzisha kano siku kadhaa, na muulize aliyekuchoma muda kamili. Wiki moja hadi mbili bila kusuguliwa kwa nguvu penye sindano ni busara, kwa sababu dawa hiyo huidhoofisha kano kwa muda. Kwa kiwiko cha nje fikiri mara mbili kabla ya kukubali sindano. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliochomwa walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko waliochomwa dawa bandia.

Kuhusu kushindana: tangu tarehe 1 Januari 2022, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, imepiga marufuku sindano zote za aina hii ya steroidi wakati wa mashindano, hata ile ya kwenye kiungo, na dawa inaweza kubaki mwilini kwa siku au wiki kutegemea aina yake. Chukua karatasi yenye jina la dawa, kipimo na tarehe, uwapelekee daktari wa timu na shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli la nchi yako kabla hujajiandikisha. Jeli ya diklofenaki ya kupaka haimo kwenye marufuku hiyo.